Matundu ya Kesho

"Jamani, wekeni vikombe chini. Leo jua linapatwa!"

Ndivyo alivyoingia Taarifa, kabla hajamsalimia mtu. Taarifa ana simu iliyopasuka kioo na hana kazi inayojulikana zaidi ya kusoma habari kwenye simu hiyo na kutuletea zikiwa bado za moto. Tatizo lake ni kwamba kifurushi humwishia habari ikiwa katikati. Kwa hiyo sisi wa kijiweni tunajua mwanzo wa kila jambo duniani, na mwisho wa jambo hata moja hatuujui.

"Linapatwa na nini?" akauliza Cheche.

"Na mwezi."

"Mwezi una ugomvi gani nalo?"

"Hauna ugomvi. Unapita mbele yake tu."

"Kupita mbele ndiyo kupatwa? Wewe hunipita mbele kila siku ukiwahi kikombe changu, mbona sijatangazwa redioni?"

Cheche anachomelea mageti na madirisha, na karakana yake ndiyo iliyopakana na kijiwe. Hana ngao ya uso. Huchomelea kwa miwani ya jua aliyovalia harusi yake, na moto ukianza kuruka hugeuza uso pembeni. Ndiyo maana geti lolote alilolitengeneza yeye halifungi mpaka ulinyanyue kidogo.

Kijiwe chenyewe ni mabenchi mawili na jiko la mkaa chini ya kibanda. Anayeuza kahawa ni Dada. Wote tunamwita Dada, hata waliomzidi umri. Kibanda alikijenga mumewe, fundi wa kuezeka, mtu aliyeezeka nyumba za mtaa mzima kwa bati jipya, kisha akaja kumwezekea mkewe kwa bati alilolibandua kwenye paa la zamani la watu. Bati likaja na matundu yake ya misumari. Kila mvua iliponyesha Dada alimuuliza atayaziba lini, naye akajibu neno lile lile, mpaka likawa jina lake: Kesho. Matundu yalikuwa mengi zaidi mwisho wa benchi la upande wa jiko, na hapo ndipo alipopenda kukaa mwenyewe. Alisema fundi lazima avujiwe na kazi yake.

Tulimzika kabla ya mvua hizi zilizopita. Pale alipokuwa akikaa sasa pana sufuria la kukinga matone. Hata siku za jua kali, hakuna anayelisogeza ili akae.

"Endelea kusoma," Dada akamwambia Taarifa. "Litapatwa saa ngapi?"

"Karibu na saa sita. Na wakubwa wamejengewa jukwaa uwanjani, na viti vyenye mito. Mgeni rasmi atalizindua."

"Atazindua nini?"

"Kupatwa."

"Yaani mwezi utasimama kando umsubiri akate utepe?" akauliza Cheche.

"Utasubiri. Barabara yetu si inasubiri?"

"Barabara haina pa kwenda. Mwezi una safari zake." Cheche akapuliza kahawa. "Sema wataalamu wanasemaje."

Taarifa akakohoa, akasoma kwa sauti yake ya kazini. "'Wananchi wanaonywa wasilitazame jua kwa macho makavu...'"

"Kwa hiyo niyaloweke kwanza?"

"Nyamaza, Cheche. 'Mwanga wake unaweza kuharibu jicho moja kwa moja bila mtu kusikia maumivu yoyote. Miwani ya kawaida ya jua haisaidii. Tumia miwani maalumu iliyothibitishwa. Njia nyingine salama ni kutoboa tundu dogo kwenye karatasi ngumu na...'" Akaitikisa simu. Akaipiga kwenye paja.

"Na nini?"

"Imekata."

"Imekata wapi?"

"Hapo hapo. Kwenye 'na'."

"Na kuchungulia," akasema mtu wa benchi la pili. "Itakuwa na nini kingine? Tundu hutobolewa ili mtu achungulie."

Huyo ni Pindo, fundi cherehani, mdogo wake Dada. Alikuwa ameweka begani kitambaa cheupe cha sare za shule, maana hata kahawa hunywa akiwa na kazi mwilini. Alichomoa sindano kwenye kola yake, anapoichomeka siku zote, akachana kipande cha boksi la nyuzi, akatoboa. Tundu likatoka safi, la fundi. Tukalipitisha mkono kwa mkono, kila mmoja akilisifu kama mtoto mchanga. Lilipofika kwa Dada halikuendelea.

"Mdogo wangu," akasema. "Utachungulia kwa jicho lipi?"

Pindo ana jicho moja linaloona. La pili lilipigwa na sindano iliyokatika kwenye mashine ikaruka, zamani, akiwa bado anajifunza kazi. Hilo lililobaki ndilo linalotunga uzi, linalolisha wanawe na kuvalisha nusu ya watoto wa mtaa.

"Si kwa hili?" akasema, akiligusa.

"Hilo ndilo pekee ulilo nalo."

"Ndiyo, Dada. Nichungulie kwa la nani?"

"Pindo, msikilize dada yako," Cheche akaingilia. "Koti langu umelishona mkono mmoja unafika kwenye kidole, mwingine umeishia kwenye kiwiko. Na hapo jicho lipo! Likiondoka utanishonea suruali ya kuvalia kichwani."

"Wewe uliyepimwa umekunja mkono unataka koti gani? Nilikuambia nyoosha, ukasema umeshika kikombe."

"Azima miwani yangu basi. Hii hapa."

"Usimpe!" Dada akapaza sauti. "Hiyo miwani haizuii hata mbu. Si imesomwa hapa sasa hivi kwamba haisaidii?"

"Mimi nachomelea nayo mwaka wa ngapi huu?"

"Na mageti yako tunayaona."

Taarifa alicheka mpaka akamwagikiwa. Pindo hakucheka. Alinyoosha mkono kudai kipande chake cha boksi.

"Nirudishie, Dada. Mara ya kwanza nilifungiwa. Sifungiwi tena."

Habari hiyo tunaijua sote. Jua lilipatwa wakati Pindo na Kesho wakiwa darasa moja, dawati moja. Walimu walisikia tangazo, wakaona dawa ni kuwafungia watoto wote darasani na kutundika mablanketi madirishani. Mlinzi akasimama mlangoni na fimbo. Jua likapatwa, likaachiwa, wao wamo ndani.

"Walitufungia gizani ili giza lisitupate," akasema Pindo. "Kesho akaninong'oneza pale pale dawatini: lijalo tutaliona mimi na wewe. Akakua, akaja kumwoa dada yangu, na kila tukionana ananikumbusha. Haya, lijalo ndilo hili."

"Na yeye yuko wapi?" akasema Cheche. "Kama kawaida yake, ameahirisha."

Utani ulitoka mkali kuliko alivyokusudia. Cheche mwenyewe aliusikia, akainamia kikombe. Mimi niliangalia sufuria. Dada akakiweka kipande cha boksi benchini, akalishika birika bila kummiminia mtu.

"Hili jua," akasema polepole, "linapatwa muda wa vikombe viwili vya kahawa, na mji mzima unatoka nje kulitazama. Wanalijengea na jukwaa. Mimi nilipopatwa mlikuja, mkala, mkanishika mikono. 'Tuko pamoja, Dada. Lile bati tutaliziba sisi.' Cheche, ulisema. Taarifa, ulisema, tena ulitoa tarehe. Na wewe usiyesemaga," akanielekezea mdomo wa birika, "uliitikia kwa kichwa. Mvua zote zimepita. Sufuria langu la kupikia liko pale pale."

Sote tukatazama juu, kwenye bati, kama watu wanaoliona leo. Lilikuwa na matundu kweli.

"Dada, bei ya vifaa siku hizi..." Taarifa alianza.

"Kunywa kahawa yako."

Tukanywa. Ilikuwa imepoa.

Saa sita ilipokaribia, mwanga ulianza kubadilika. Haukuwa kama wingu limepita. Ulikuwa kama taa iliyochoka: kila kitu kinaonekana vizuri, lakini rangi zimefifia, na vivuli vimekuwa vikali kama vimekatwa kwa mkasi. Huko barabarani watu walianza kupiga kelele. Kutoka uwanjani tulisikia kipaza sauti kikimkaribisha anayemkaribisha mgeni rasmi.

Pindo akasimama. Kipande cha boksi alikuwa ameshakichukua benchini Dada alipogeukia jiko.

"Pindo."

"Nakuja sasa hivi, Dada."

Dada akaacha jiko. Akamwahi ukingoni mwa kibanda, hatua moja kabla ya jua, akakamata kile kitambaa cheupe kilichokuwa begani.

"Niachie, utakiharibu."

"Siachi. Mama aliniachia wewe una macho mawili. Nimebaki na moja. Silitoi."

"Ni jicho langu!"

"Ukitaka kulipofua ndipo unakumbuka ni lako. Ukitaka kutungiwa uzi utakuja kwa nani?"

Pindo akavuta. Dada akavuta. Dada amebeba ndoo za maji maisha yake yote, kwa hiyo Pindo alirudi nyuma pamoja na kitambaa, mpaka wote wawili wakawa chini ya bati, kitambaa kimetanuka kati yao kama shuka linalokunjwa. Cheche, aliyekuwa ameinuka kwenda kuwaamua, akasimama katikati ya hatua.

"Pindo," akasema. "Sare yako imemwagikiwa kucha."

Tukatazama. Juu ya kitambaa cheupe kulikuwa na vipande vidogo vya mwanga, vingi, vimepinda kama kucha zilizokatwa. Siku nyingine zote vile vidoa vya jua vinavyopenya kwenye bati ni vya duara, ukubwa wa kifungo cha koti, na hakuna anayevijali. Sasa kila kifungo kilikuwa kimemegwa upande mmoja. Vyote upande ule ule.

"Hiki ni nini?" akauliza Dada, bado ameshika pembe zake.

Pindo akatazama bati, akatazama kitambaa, akatazama kile kipande cha boksi mkononi. Kisha akageuka, akalipa jua mgongo, akakitoa kipande nje ya ukingo wa bati, juu ya bega lake. Kivuli chake kikaangukia kitambaani, na katikati ya kivuli, kidogo kama punje ya mchele, jua lililomegwa.

"Kumbe huchungulii," akasema. "Unaliacha lenyewe ndilo lichungulie."

Simu ya Taarifa ikalia. Mtandao ulikuwa umeamua kurudi.

"Ngojeni! Ngojeni, imefika! '...na kusimama ukiwa umelipa jua mgongo, ukitazama mwanga wa tundu unapoangukia kitu cheupe. Usichungulie kamwe kwenye tundu hilo.'"

"Kamwe!" Dada akamgeukia. "Hiyo 'kamwe' umekaa nayo mfukoni tangu asubuhi!"

"Dada, mimi ni mjumbe tu."

"Mjumbe nusu!"

Lakini hakuwa na muda naye. Alikuwa ameona upande wa jiko. Pale mwisho wa benchi, penye matundu mengi, jua lilikuwa limemwagika kuliko kwingine kote. Juu ya ubao, pembeni mwa sufuria, hata ndani ya sufuria lenyewe, vijua vyembamba vilikuwa vimelundikana kama vimeitana. Dada akaliinua sufuria. Tangu mazishi sikuwahi kuona limeinuliwa bila kuwa na maji ndani. Akatandika kitambaa pale.

"Njoo," akamwambia mdogo wake.

Pindo akapiga magoti mbele ya benchi, akasogeza jicho lake karibu na kitambaa, karibu kabisa, kama anapotafuta uzi uliokatika. Vijua vilizidi kukonda mbele yake mpaka vikawa kama nyuzi zenyewe.

"Shemeji," akasema, akiliambia benchi. "Nimeliona."

Cheche akavua miwani yake ya harusi, akajifuta nayo uso, kitu ambacho miwani haifanyi.

"Sikilizeni," akasema. "Mwenzetu miaka yote anajenga darubini, sisi tunamwita mvivu."

"Alikuwa mvivu," akasema Dada. "Mvivu kabisa." Akakinyoosha kitambaa kilipokunjamana. "Lakini leo mwacheni."

Tukakaa hivyo, vichwa vimekutana juu ya benchi kama watu wanaopuliza moto, huku mji mzima umeinua shingo. Kisha vijua vikaanza kunenepa upande wa pili. Rangi zikarudi moja moja, kwanza wekundu wa makaa. Uwanjani kipaza sauti kilitangaza kwamba mgeni rasmi sasa anapanda jukwaani kulizindua tukio.

"Mwambieni limeshapita," akasema Taarifa. "Hata mimi nimeiwahi habari hii mpaka mwisho."

Pindo alikunja kitambaa, akachomeka sindano kwenye kola. Cheche aliendelea kusimama. Alikuwa anatazama bati, akihesabu kwa midomo, na uso wake ulikuwa wa mtu anayetaka kulipa kitu.

"Dada," akasema. "Nina lami karakanani, na ngazi ninayo. Si maneno. Napanda sasa hivi nayaziba yote. Niyazibe?"

Dada akatazama juu. Vidoa vya jua vilikuwa vimesharudi kuwa vya duara, vimetulia kwenye nafasi ya mumewe. Sufuria alikuwa amelishika chini ya kwapa, kama mtu anayelirudisha nyumbani.

"Kesho," akasema.

Hakuna aliyecheka mpaka alipoanza yeye.