Ombi la Kuahirisha Ndoa hadi Mlio wa Gari Upatikane

Tanta, Jumatatu

Kwa Sheikh Mutasim, mfungishaji ndoa wa mtaa wetu. Amani iwe juu yako, juu ya watu wa nyumbani mwako, na juu ya daftari lako, ambalo nakuomba kwa heshima usilifungue Alhamisi.

Mimi ni Wagdi Abdulghaffar, mwalimu mstaafu wa fizikia, baba yake Ibtihal. Bwana harusi unamjua: Shadi, mtoto wa Usta Hilmi, fundi magari wa nyuma ya soko la vitunguu. Na kijana sina ugomvi. Tatizo ni gari langu, ambalo nikikanyaga mafuta linalia, na baba mkwe mtarajiwa ameshindwa kulitibu. Utasema gari na nikaha wapi na wapi. Nivumilie, Sheikh. Nimesomesha miaka thelathini na minne na sijawahi kutoa jibu bila kuonyesha njia.

1. Mlio wenyewe. Gari likisimama, kimya. Likienda polepole, kimya. Nikikanyaga mafuta kupanda daraja la reli, linaanza: krrr-ting-ting-ting, kama mtu anayetikisa vijiko ndani ya sufuria. Nikiachia, linanyamaza. Juzi muuza viazi vitamu alisimamisha mkokoteni wake akaniambia, "Mwalimu, teremka ulisukume, litakuombea dua." Wanafunzi wangu wa zamani walikuwepo. Niliona aibu sana.

2. Mlio ulianza siku ya pili baada ya uchumba. Kabla ya hapo gari hili limekaa miaka ishirini na sita bila hata kukohoa. Simsingizii mtu, nataja tarehe tu.

3. Nimelipeleka kwa Usta Hilmi mara nne, na mara zote nne limefika pale limetulia kama maji ya mtungi. Hilmi analikanyagia mafuta, anatega sikio, anapanda nalo daraja, anarudi. "Mwalimu, sisikii kitu. Huo mlio uko kwenye gari au uko kwa mwenye gari?" Hata hivyo alibadilisha mkanda wa feni. Akakaza bomba la moshi. Akaweka raba mpya za kushikilia injini. Kesho yake, krrr-ting-ting-ting. Ni fundi gani huyu ambaye ugonjwa ukimwona unakimbia? Mke wangu Inshirah anasema hiyo ndiyo sifa ya tabibu.

4. Mimi kama mteja nimetimiza wajibu wangu wote. Kabla ya kwenda gereji naliosha gari, natoa mazulia, na nafungua kitu kidogo cha binafsi nilichokifunga kwa waya chini ya gari, jirani na bomba la moshi, ambacho hakihusiani kabisa na shauri hili. Nikirudi nyumbani nakifunga tena. Nakitaja kwa ajili ya uaminifu tu. Sitaki Hilmi akione, kwa sababu alipotundika jicho la bluu mlangoni kwake nilimsimanga mkahawani mbele ya watu, nikamwambia karne hii ya umeme bado mtu mzima anaogopa kijicho cha jirani. Alicheka, lakini chai yake hakuimaliza.

5. Sasa hoja yenyewe. Mtu asiyesikia gari linalia, atamsikiaje binti yangu? Shadi amelelewa na masikio hayohayo. Na Ibtihal wangu halii kwa sauti, Sheikh. Tangu mdogo akiumia anaingia jikoni na kuosha vyombo ambavyo tayari ni safi. Mimi nikisikia bomba linatiririka bila sababu, najua. Wao watasema, "Sisikii kitu." Hilo linaninyima raha kuliko gari.

6. Tena Alhamisi gari langu ndilo litakalompakia bibi harusi. Honi nyuma, ngoma mbele, na katikati vijiko vya Mwalimu Wagdi.

Kwa hiyo naomba ndoa iahirishwe mpaka mlio upatikane. Sikuwekei muda. Hata ikichukua miaka miwili hatutalalamika, chumba cha Ibtihal kipo na shuka nimebadilisha mwenyewe.

Wasalimie wazee wa msikitini, mama watoto wako, na yule jirani yako mwenye njiwa. Inshirah naye anakusalimu. Anadhani naandika orodha ya wageni.

Wako katika ukweli na vipimo,
Wagdi Abdulghaffar

Nyongeza, Jumatano. Barua hii ilikuwa bado mfukoni mwangu Hilmi alipotokea nyumbani na Shadi bila taarifa. "Mgonjwa akipona kila akifika hospitali," akasema, "daktari amfuate kwake." Akalala chini ya gari, akamwambia Ibtihal akanyage mafuta. Likalia. Hilmi akakaa kule chini muda mrefu mno, wakati mimi, Inshirah na Shadi tumesimama tunatazama viatu vyake. Alipotoka alikuwa amefumba ngumi, nami nilijua kilichomo: mkono mdogo wa shaba wa kukinga kijicho, na kiatu cha kwanza cha Ibtihal, cha kushoto. Nilivifunga pamoja jioni ya uchumba, majirani walipomtazama mwanangu kupita kiasi.

"Bolti tu, Mwalimu," akasema mbele ya wote. "Ilikuwa imelegea." Wakati wa kuagana akanipa mkono, na vile vitu vikabaki kiganjani mwangu. Akaninong'oneza, "Kiatu kifunge kwenye gari la watoto wetu hawa. Ila mbali na bomba la moshi."

Ningeichana barua hii, lakini mwalimu hafuti hesabu aliyokosea. Masikio ya ukoo ule hayana kasoro. Njoo Alhamisi, Sheikh, uje na daftari, na uje mapema kabla sijaanza kusikia mlio mwingine.