Baba Mkwe, Skrubu ni Skrubu

Karakana ya Milango, Madirisha na Rafu za Chuma,
Mtaa wa nyuma ya soko.

Kwa Baba Mkwe,
Mwenye Duka la Vifaa vya Ujenzi.

YAH: MALALAMIKO KUHUSU ELIMU YA BINTI YAKO

Shikamoo Baba. Natumaini barua hii itakukuta mzima wewe na Mama, pamoja na binti yako, ambaye ni mke wangu na ambaye yuko kwako tangu Jumapili na begi lake. Sisi huku, mimi na watoto, hatujambo, ila chai tunajipikia wenyewe, na haisemeki.

Baba, naandika kwa heshima zote. Uliponipa mke ulinieleza kwamba ni mpole, mcha Mungu na mchapakazi. Hukunieleza kwamba amekulia nyuma ya kaunta yako, akipanga skrubu kwenye makopo tangu ana miaka sita. Jambo zito kama hilo mkwe hufichwa? Matokeo yake ni haya:

1. Ananisahihisha mbele ya wateja. Mimi ni fundi wa miaka kumi na tisa. Lakini nikishika skrubu, yeye akiwa anapita zake na ndoo, husema, "Hiyo ya mbao, fundi wangu." Wala hasemi kwa ukali. Angekuwa mkali ningejua la kumjibu.

2. Anabagua. Kwake kuna skrubu ya mbao, yenye meno yaliyoachana; kuna ya bati, yenye ncha inayojitobolea tundu; na kuna bolti yenye nati na washa, kile kibati cha duara, kwa vyuma vinene na kila kinachotikisika. Mimi marehemu fundi wangu alinifundisha kwamba skrubu nzuri ni ile iliyo karibu na mkono. Kazi zake nyingi zimesimama hadi leo, na zilizoanguka ziliangukia watu waliokwisha kulipa.

3. Ana mdomo wenye mkosi. Nilifunga rafu ya chuma ya mwenye duka la dawa kwa skrubu za mbao. Akaitazama, akasema haimalizi wiki. Jumatano ikaanguka na chupa zote za dawa ya kikohozi. Baba, rafu ile ilikuwa imesimama vizuri mpaka aliposema. Mwenye akili ataona ni nani aliyeiangusha.

4. Wateja wananiruka. Wanakuja na vyuma mkononi, wananisalimu vizuri kabisa, kisha wanauliza, "Mama yupo?" Wiki iliyopita mwenye gereji, mtu mzima na mvi zake, alisubiri nusu saa mke wangu amalize kufua, ili amwulize swali ambalo mimi nilishamjibu mara mbili. Majibu yangu yote mawili yalikuwa tofauti, achague analolitaka, na bado alisubiri.

5. Bembea. Shule ya chekechea imeniagiza bembea ya chuma, ya kukabidhiwa Ijumaa. Niliifunga kwa skrubu za bati, mpya, zinang'aa. Akasema pale minyororo inaponing'inia panataka bolti na nati isiyolegea, kwa sababu bembea haitulii. Maneno yakawa mengi. Nikamwambia achague: mimi au bolti. Baba, sikutegemea kwamba atafikiri. Alifikiri kwa muda usiofaa kabisa katika ndoa, kisha akaenda kushusha begi kutoka juu ya kabati.

Wahenga walisema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Huyu wewe ulimfunza mpaka ulimwengu ukakosa la kuongeza, na mzigo nimeubeba mimi. Kwa hiyo naomba, kwanza, umwondolee elimu hiyo, au japo uipunguze. Bidhaa yenye kasoro hurudishwa dukani. Mke simrudishi, abadani, narudisha elimu tu. Pili, uandike cheti chenye mhuri wa duka kinachotamka kwamba skrubu ni skrubu. Nitakitundika ukutani wateja wakione. Tatu, ili jambo hili lisiwapate wakwe wengine, uanze kuuza skrubu za aina moja tu. Aina gani, chagua wewe. Mimi sina ubaguzi.

Nisalimie Mama, shemeji zangu wote, majirani wa pande zote mbili na karani wako wa stoo. Mke wangu mpe salamu za kawaida, asije akadhani.

Ni mimi mkweo, mwingi wa heshima na wa malalamiko,
Fundi.

Tanbihi: Bahasha nilikuwa nimeshaigundisha, nimeichana. Asubuhi hii kitindamimba wetu, anayesoma chekechea hiyohiyo, aliingia karakana akaomba awe wa kwanza kupanda bembea. Nikamwambia hapana. Akaniuliza, "Kwani si umemaliza, Baba?" Nilikuwa nimemaliza, Baba Mkwe, lakini mkono ulikataa kumpandisha. Niliogopa, nakwambia kweli. Nimezifungua skrubu zote, na sasa nimekaa mbele ya matundu manane sijui niweke nini. Cheti usiandike. Mwulize binti yako bolti ziwe za unene gani, na kama anaweza kuja nazo mwenyewe. Mwambie nilikosea. Mwambie wewe kwanza. Mimi nitarudia akifika, mbele ya mteja yeyote atakayekuwepo.