Matairi ya Mahali

Jumatatu, 11 Agosti 2025

Nafasi imepatikana! Katekista Matiasi ametangaza: anayetaka kubeba sanamu ya Bikira Maria kwenye maandamano ya Ijumaa aonyeshe chombo kinachotembea kabla ya Alhamisi kuisha. Miaka mitatu mfululizo ameibeba Celestini kwa guta lake. Mwaka huu ni mimi, na pikipiki yangu ya matairi manne. Kwa sasa haina hata tairi moja zima. Hilo ni dogo.

Mama amesema angependa kuniona nikiongoza kitu kimoja kabla hajafa. Hakusema kwa ubaya. Ndiyo maana iliniuma.

Jumanne, 12 Agosti

Nimekwenda Bukiriro kwa Deodata. Uani kwa marehemu baba yake kuna pikipiki kama yangu, ila toleo jingine. Miaka kumi na mbili haijaguswa. Majani yameota kwenye kiti. Lakini matairi yamejaa upepo. Nikamwuliza nani huyajaza. Akasema hakuna.

Nikaomba kuyaazima. Akakataa. Akasema hayo ni ya mahali. Mahali gani? Akasema hapa, kwa baba. Basi kumbe ni ya hapa hapa, si ya serikali wala ya kambi ya wakimbizi. Alipoingia jikoni kuangalia maharage, nikaanza kufungua nati. Zilikuwa zimeshalegea kabla spana haijazigusa. Nikayafunga yote manne kwenye bodaboda, mbio hadi nyumbani Kanazi.

Jumatano, 13 Agosti

Matundu ya rimu ni manne kama yangu, ila yameachana zaidi. Nimeyatanua kwa tupa. Fundi angesema haifai, kwa hiyo sikumwita fundi. Matairi ni makubwa, yanasugua madigadi. Nimekata madigadi.

Niliiacha imetazama kanisani, nikaingia kunywa uji. Kutoka, imetazama Bukiriro. Mama alikuwa barazani. Anasema imegeuka yenyewe, taratibu, kama ng'ombe aliyesikia anaitwa. Macho ya Mama siku hizi si mazuri. Nimeyawekea matairi mawe.

Alhamisi, 14 Agosti

Ukungu asubuhi. Mawe yapo pale pale nilipoyaweka. Pikipiki ipo langoni. Vumbini kuna alama za matairi: zinakwenda langoni, zinarudi, zinakwenda tena. Nyayo za mtu hakuna. Bila shaka ni Celestini, amejifunza kutembea bila kukanyaga.

Kulikuwa na baridi, lakini tairi nililoligusa lilikuwa na joto, kana kwamba limetoka safari. Niliogopa, nakiri. Matiasi akaja, akaizunguka mara mbili, akaikubali. Sikumwambia kitu.

Ijumaa, 15 Agosti

Tulianza vizuri. Mama alisimama kando ya barabara na kitenge kipya, akanipigia vigelegele. Nilifurahi hadi nikapiga honi.

Njia panda ya Bukiriro usukani ulikwenda kushoto peke yake. Nikazima injini. Injini ilizimika. Matairi hayakusimama. Tukaupanda mlima ule mimi na Bikira Maria, kimya, hakuna anayesukuma. Nyuma yangu wanakwaya walinyamaza mmoja mmoja, mpaka nikabaki nasikia changarawe tu chini ya matairi.

Tukaingia uani kwa Deodata. Alikuwa mlangoni, amevaa gauni jeupe lenye mikunjo ya kukaa sandukuni miaka mingi. Mimi hakunitazama. Akainama, akaweka kiganja juu ya tairi, akaliambia limekawia.

Matiasi alifika akihema, akanieleza. Mahari, siyo mahali! Marehemu Leonidasi, mchumba wake, hakuwa na ng'ombe, akamtolea Deodata mahari ya pikipiki ile, akaahidi kumchukua nayo siku ya harusi. Alikufa wiki moja kabla.

Niliyafungua, nikayarudisha yalikotoka. Sanamu aliibeba Celestini. Nyumbani Mama akasema uji umepoa.

Jumamosi, 16 Agosti

Matiasi ana huruma. Sanamu inarudi kigangoni kesho, na nikipata matairi nitaibeba mimi. Mama ataona.

Nami nimejifunza somo kubwa. Watu wa huku wanachanganya l na r. Mtu akisema l, elewa r. Mambo yote ya jana yangeepukika kwa herufi moja.

Leo nimekwenda Nyakahura kwa Anastazi. Ana matairi manne, toleo jingine kabisa, matundu matatu. Tupa ninayo. Sikuwa hata nimeomba vizuri, akayaviringisha mwenyewe hadi barabarani na kufunga lango. Kupitia tundu la lango akanionya mara mbili kwamba yana laana.

Mjinga angekimbia. Mimi nilielewa mara moja. Yako uani sasa, na Mama amekataa kutoka ndani. Raana. Kampuni yenyewe siijui, lakini jina linasikika imara.