Bastola ya Mkuu wa Protokole

Jumapili, 1 Juni 2025

Nimetukanwa. Kanisani, mbele ya kwaya, tena kwa tabasamu.

Pasta Obadia ametangaza kwamba Askofu anakuja kutoka Bukavu, Jumapili ya tarehe 15. Tukasema amina. Kisha akaongeza kwamba kwa kuwa simu za waumini zimeporwa mlangoni Jumapili mbili mfululizo, safari hii atakayesimama nyuma ya mgeni lazima awe mtu wa mambo ya usalama. Akamtazama Parfait. Kanisa zima likamtazama Parfait. Mimi, mkuu wa protokole, niliyesimama nyuma ya kila mgeni wetu tangu tulipokuwa tunasali kwenye gereji ya Bertrams, nilibaki nimeshika glasi ya maji ya Pasta.

Huyu Parfait ni mlinzi wa kampuni ya doria. Kanisani kwetu hana hata mwaka. Kiunoni ana ala nyeusi ya bastola, na anatembea mikono imetanuka utadhani amebeba matikiti kwapani. Na suti yake, jamani. Mimi ni fundi cherehani na mtu wa sape, ule umaridadi wetu Wakongo, najua maana ya kuvaa. Yale mabega yalikatiwa mtu mwingine, na mtu huyo ameshafariki.

Pasta alinivuta pembeni. Papa Évariste, akasema, bado hatujaamua, tutaona nani yuko tayari. Tayari na nini? Nikaelewa. Tayari na bastola.

Wiki nzima mimi ni mtu wa kupunguza sketi za shule. Jumapili, kwa saa mbili, mke wangu Jeannine ananitazama kutoka safu ya tatu na ninaona kabisa kwamba anajivunia. Saa hizo mbili simpi Parfait.

Nitanunua bastola. Si dude la plastiki. Ya kiungwana, ya mtindo wa zamani, chuma kitupu na mpini wa mti, kama za makanali wa utotoni mwangu. Na iwe ya bei ya fundi wa Troyeville.

Jumanne, 3 Juni

Duka la bunduki. Nilivaa suti ya kijivu, viatu vya ngozi ya mamba na breteli mpya. Breteli ni zile kamba za mabegani zinazoshika suruali. Nazitaja kwa sababu mwenye duka amezivunjia heshima.

Ni mzee Mzungu wa Kiafrikana mwenye ndevu. Aliniuliza naitaka ya kazi gani. Ya kubeba kila siku, nikasema. Akaweka mezani kitu kidogo cheusi cha plastiki. Nyepesi, akasema, haina usumbufu, na kwa mfuko mdogo hakuna ya kuishinda. Nani kamwambia mfuko wangu mdogo? Nikamjibu kwamba kitu hicho ni rimoti ya televisheni. Nikaonyesha kwa kidole niliyoitaka: ile ya kijeshi ya Kimarekani, ndefu, chuma cheusi, mpini wa mti wa rangi ya asali.

Aliikagua kwanza kama ni tupu, kisha akanipa niishike. Mama yangu. Nilijiona kwenye kioo cha kabati, nikabaki hapo kidogo.

Bei yake sitaiandika humu, nisije nikaisoma tena. Nikauliza zilizotumika. Zipo, akasema, lakini hapo mtu hachagui kwa rangi: anatazama mtutu umelika kiasi gani, springi imechoka kiasi gani, na magazini zake kama bado zinapatikana. Nikamuuliza kama mti wa mpini ni uleule.

Akanitazama kiunoni. Anza na mkanda, akasema. Mkanda mpana wa ngozi ngumu, kisha ala nzuri, bastola ije mwisho. Chuma kizito hivi bila mkanda kitakuvua nguo. Mkanda! Nikamweleza kwa upole kwamba mtu wa sape havai mkanda na breteli pamoja, sawa na vile hakuna anayevaa kofia mbili. Akasema basi nivue breteli. Hivi ndivyo wateja wanavyosemeshwa siku hizi.

Mwisho kabisa ndipo akaomba cheti. Cheti gani? Kumbe kuna mafunzo, kuna mtihani, kuna polisi, kuna leseni, kuna sefu ya kufungwa ukutani. Nikamwambia nina ukaazi wa kudumu. Akanipa hongera, akasema hata hivyo itachukua miezi. Askofu anakuja tarehe 15. Nilipomwambia hilo alinipa kalenda ya duka. Ya mwaka jana.

Alhamisi, 5 Juni

Sijashindwa. Nimekwenda Marshalltown kwa Elisée, mtu wetu wa Uvira anayeuza chaja na saa kando ya njia. Nikamweleza shida yangu. Akainama chini ya meza akatoa kitu kilichofungwa kwenye skafu.

Ileile. Ndefu, ya chuma, nzito. Inatumia gesi, inarusha vigololi, na Elisée anaapa kwamba haiui hata mjusi. Basi hiyo haina leseni, haina mtihani, haina mzee wa ndevu. Nani atamwambia mkuu wa protokole atoe risasi zihesabiwe?

Nimefika nyumbani, nikaitazama dirishani. Mpini ni plastiki. Plastiki iliyopakwa rangi ya mti!

Nimerudi Marshalltown kwa miguu, kwa hasira nikavuka taa za roboti zikiwa nyekundu. Elisée hakuona haya. Kaka, akasema, kwa ulichonipa, hata hiyo rangi ni zawadi.

Jumamosi, 7 Juni

Bastola ni mpini. Mengine yote yamefichwa ndani ya koti. Nimeshinda natafuta mti. Makasha ya spaza, kile kiduka cha mtaani, ni mbao laini, yanachanika. Mguu wa kiti ulikuwa na dawa ya mchwa. Nilikuwa nimekaa jikoni nimekata tamaa, ndipo nikauona.

Mwiko wa Jeannine.

Mama yake alimpa siku tuliyooana, kule Bukavu, na aliuchoma kwa msumari wa moto alama ya msalaba mdogo. Umesonga bugali miaka yote hii mpaka umekunywa mafuta na kung'aa wenyewe. Rangi ya asali hasa. Jumamosi Jeannine hutoka kusuka nywele za wateja kutwa nzima. Nikachukua msumeno.

Vipande viwili, upande huu na upande huu. Msasa, mafuta, skrubu. Sijawahi kutengeneza kitu kizuri hivi, na nimeshona magauni ya arusi. Kipande cha juu kilichobaki nimekificha chini ya cherehani.

Jioni Jeannine ameutafuta mwiko. Nimesema huenda umeazimwa. Amegonga kila mlango wa ghorofa hii. Hatimaye amesonga kwa kijiko, bugali limekuwa madonge, na mimi nimelila lote bila kulalamika. Nadhani hapo nilikosea, kwa sababu ameacha kula akabaki kunitazama.

Jumatano, 11 Juni

Nimeshona ala kutokana na mkoba wa zamani wa ngozi, nikaining'iniza kwenye breteli upande wa kulia. Nimetembea mpaka Bertrams na kurudi kujizoeza. Mama Murielle wa kwaya amenisimamisha akaniuliza figo zimeanza kuniuma lini. Koti limelala upande mmoja, ndiyo maana. Upande wa kushoto nimeweka mkasi wangu mkubwa wa chuma. Sasa nimenyooka.

Mchana Parfait kaja kibandani kwangu kupunguziwa suruali. Akaniona ninavyotembea. Papa, akasema, breteli zako zinalia. Akatoa kwenye begi lake mkanda wa akiba wa kazini, mpana, mgumu, akaniambia nichukue tu. Akasema pia kwamba hataki cheo changu, ni Pasta aliyemtaja bila kumuuliza.

Angalieni ujanja huo! Mtu anataka nafasi yako, kwanza anakuvalisha mkanda. Nimeutupa ndani ya droo. Suruali yake nimeipunguza vizuri, lakini kwa kinyongo.

Ijumaa, 13 Juni

Nimekwenda ofisini kwa Pasta, nikafunga mlango, nikafungua koti. Pasta ameona mpini. Akauliza kama kila kitu kiko kisheria. Nikamwambia ukweli mtupu, kwamba polisi hawana neno nayo. Akafuta uso. Basi simama wewe nyuma ya Askofu, akasema, na Parfait akae kushoto.

Kushoto! Nimemwambia Jeannine kwamba Jumapili avae kitenge cha bluu akae mbele. Akaniuliza kama nimeuona mwiko wake. Kila siku mwiko, mwiko. Mtu ana habari kubwa, anaulizwa mwiko.

Jumapili, 15 Juni

Naandika nikiwa nimekaa kitandani. Hakuna anayenisemesha.

Ilianza vizuri. Askofu ni mtu mnene, mcheshi, na nyuma yake nilisimama mimi. Nilimwona Jeannine safu ya tatu, kitenge cha bluu, shingo imenyooka. Mahubiri yalipita salama. Ikaja saa ya matoleo, na bendi ikapiga sebene.

Kila Mkongo anajua kwamba sebene ikiingia hakuna wa kusimama wima, na mgeni akicheza, protokole inacheza nyuma yake. Mimi mwenyewe ndiye niliyewafundisha vijana kanuni hiyo. Wiki nzima nilijizoeza kutembea. Kucheza sikukumbuka.

Askofu alishuka magoti, akatikisa mabega. Nikashuka naye. Kifungo cha breteli cha nyuma kikaruka. Kifungo nilichokishona mimi! Kikafuata cha mbele. Suruali ikaenda na kila kilichokuwemo, mkasi huku, bastola kule. Bastola ikadunda jukwaani, ikateleza mpaka miguuni pa mpiga gitaa, na gitaa likanyamaza.

Mtu akapiga kelele, bunduki. Kanisa zima likalala chini ya viti. Parfait akamrukia Askofu akamfunika mwili wote, na hapo ala yake ikafunguka mbele ya macho yangu. Ndani mlikuwa na tochi. Baadaye alieleza kwamba bastola ni ya kampuni na hulala kwenye sefu ya kampuni, hajawahi kuja nayo kanisani hata siku moja. Tochi! Wiki mbili nimeshindana na tochi.

Mtu mmoja tu hakulala chini. Nilisikia viatu vyake vikija. Mimi nilikuwa nimesimama, suruali miguuni, mikono juu. Sijui kwa nini niliinua mikono. Jeannine akainama akaokota bastola. Upande mmoja wa mpini ulikuwa umebanduka. Akaugeuza, akaunusa, akapitisha kidole kwenye ule msalaba mdogo. Maikrofoni ya Askofu ilikuwa hapo chini karibu yake, na alisema polepole, lakini spika zote zikalichukua neno lake.

Évariste, huu ni mwiko wa mama yangu.

Kisha nikasikia Askofu anacheka, kule chini ya Parfait, na kanisa likaanza kuamka likicheka. Jeannine hakucheka. Alikuwa analia. Ningependa angenitukana. Matusi ningeyajibu.

Nyumbani ameweka mezani sufuria ya maji ya moto, unga na bastola. Akaniambia, songa. Binti yetu Jocelyne amesema eish, Papa, akaingia chumbani kwake. Hata huyo, ambaye Kiswahili hukisikia tu lakini hakisemi, ameelewa.

Jumapili, 22 Juni

Parfait ndiye mkuu wa protokole. Mimi nimepelekwa maegesho. Nimepewa kizibao cha kung'aa, cha nailoni, saizi ya ng'ombe. Nimekipunguza kiuno, la sivyo nisingetoka nacho.

Nimemweleza Pasta kwamba kosa ni la uzi. Uzi wa siku hizi hauna nguvu, na mwenye duka la jumla ndiye wa kulaumiwa. Amesema atauombea uzi. Nimesikia vijana wa protokole wakikohoa nyuma yake.

Jeannine hajanigusa wala kunipikia wiki nzima. Leo asubuhi alikuwa anapita kuingia ibadani, akasimama mbele yangu, akaninyooshea kola ya kizibao. Utakula nyumbani leo, akasema. Nilifurahi mpaka nikamwelekeza mzee wa kanisa aegeshe ndani ya mtaro.

Na kweli nimekula. Amenunua mwiko mpya soko la Wakongo na bugali limerudi kuwa bugali. Nimemwomba msamaha, nikamaanisha. Nimeapa kwamba ile bastola sitaki kuiona tena, na nimetimiza: jana nimemrudishia Elisée.

Amenibadilishia na ya tumbo la mviringo linalozunguka, mtindo wa zamani zaidi, fupi, nyepesi, inaingia mfukoni mwa koti bila mkanda wala breteli. Hapo ndipo nilipokosea tangu mwanzo. Nilichagua kubwa. Kanisa linahitaji mtu wa maegesho anayeheshimika, maana magari huibwa zaidi kuliko simu, na Askofu ameahidi kurudi Desemba.

Mpini wake, bila shaka, ni plastiki.

Jeannine ameuficha mwiko mpya nyuma ya friji, akidhani sijui. Mti mwekundu, mgumu, mistari imelala vizuri sana. Bastola fupi haihitaji kipande kikubwa. Ametoka kwenda kwa Mama Murielle. Nimeupima tu kwa futi, nikaurudisha.