Sudi na Lugha za Tumbo Moja

Binamu yangu Sudi alikijua Kiitaliano kabla hajaonana na Mwitaliano hata mmoja. Mwenyewe ndivyo alivyotuambia!

Ukweli ni kwamba alijifunza Kihispania kwenye simu, miezi mitano, kwa mapenzi ya mpira. Basi Bi Ghaliya, mwenye nyumba ya wageni pale mji mkongwe wa Nizwa, Oman, alipotafuta mtu wa kuwatembeza Waitaliano, Sudi akawa wa kwanza kufika, kanzu imepigwa pasi hadi inakata.

"Kiitaliano na Kihispania ni tumbo moja, Bi Ghaliya. Casa huku nyumba, kule nyumba. Luna huku mwezi, kule mwezi. Kama Kiswahili na Kingazija!"

"Na wewe Kingazija unakijua?" nikamuuliza.

"Wewe dereva, shughulika na gari."

Akapewa siku moja ya majaribio. Na kazi aliihitaji kweli, maana alitaka kumwoa Nahla, na babake Nahla kule Ibra alishaapa hamwozeshi binti yake mtu anayeshinda mkahawani.

Wageni walikuwa wawili: Bibi Carla, miaka sabini na minne, na mumewe, Bwana Enzo. Mwanzo mambo yalinyooka. Sudi akisema "sol", wao wanajibu "sole", wote wanalitazama jua na kucheka. Akitoa "gracias", anapokea "grazie". Akanikonyeza kama balozi aliyekwisha tia saini mkataba.

Ngomeni, Bibi Carla akaunyooshea kidole ule mnara mkubwa. "Vogliamo salire!"

"Wanataka kutoka," Sudi akatangaza, kwani salir ya Kihispania ni kutoka.

"Mbona ndiyo kwanza wameingia?"

"Wazungu wana haraka, bwana. Yallah!"

Akawaswaga hadi nje ya lango, wazee wa watu shingo zimegeukia mnara.

Tukarudi nyumba ya wageni, wazee wamewiva kama kamba wa kuchemsha. Bwana Enzo akajitupa kwenye takia, anajipepea kwa kofia. "Caldo! Caldo!"

"Supu!" Sudi akaruka, kwani caldo ya Kihispania ni supu. "Mwanamvita! Bakuli mbili, za moto!"

Mwanamvita, dada wa Malindi aliyekuwa akipika pale, akachungulia mlangoni. "Supu, kaka Sudi? Kwenye joto hili?"

"Wewe pika. Lugha niachie mimi."

Supu ikaja inafuka moshi. Bwana Enzo akaitazama kama mtu aliyesomewa hukumu. Bibi Carla akaipokea kwa adabu, bakuli likamuunguza, supu yote chwaa! juu ya zulia la Kiajemi la Bi Ghaliya. Akajishika mashavu, mwekundu. "Sono imbarazzata! Molto imbarazzata!"

Sudi akasimama wima. Kwa Kihispania, embarazada ni mja mzito.

"Mashallah! Bi Ghaliya, huyu bibi ana mimba!"

"Ana nini?"

"Mimba! Tena kasema 'sana'. Huenda ni pacha!"

Bi Ghaliya akalisahau zulia. Akapiga vigelegele, majirani wakajaa, halwa ikafunguliwa. Wanaume wakampa Bwana Enzo mkono wa pongezi, naye anatabasamu tu, jasho linamtiririka. Jirani mmoja akaanza kumpapasa Bibi Carla tumbo! Babake Nahla akapiga simu kutoka Ibra kuuliza kama habari ni za kweli.

Hapo Mwanamvita akaweka sufuria chini, akamsogelea yule bibi, akamwaga Kiitaliano kama maji ya mfereji wa falaji. Wakazungumza weee, kisha akatugeukia.

"Hana mimba. Anaona haya kwa kumwaga supu. Na supu hawakuomba, caldo yao ni joto. Na kule ngomeni walitaka kupanda juu."

Sudi akalitazama zulia kama anayetafuta shimo. Bibi Carla, alipofasiriwa aliyozushiwa, akacheka hadi akamwangukia mumewe begani.

"Lugha hii umeitoa wapi, mwanangu?" Bi Ghaliya akauliza.

"Malindi, bibi. Kwetu Waitaliano wamejaa, hata wauza madafu wanaijua. Hapa hakuna aliyeniuliza."

Kazi akapewa yeye palepale! Sudi akabakishiwa mabegi.

Kesho yake tukashika njia ya Sur, Mwanamvita mbele, Sudi nyuma kabanwa na masanduku. Akajikaza, akainama.

"Dada, nifundishe basi. Japo neno moja la kuanzia."

"Taci."

"Tachi," akarudia, kwa lafudhi nzuri kweli. "Maana yake?"

"Nyamaza."