Kuhusu Alama Moja Niliyopewa ya Nimonia

Kwako Mganga Mkuu wa Hospitali,

Nakuandikia nikiwa na mpira wa oksijeni puani, kwa hiyo usinihukumu kwa mwandiko. Kuna jambo nimelificha tangu wiki iliyopita, nawe utalipata kabla sijafa. Kwanza malalamiko. Nasikia yule daktari kijana ameitwa Ijumaa kujieleza kwa nini alinirudisha nyumbani na nimonia. Naomba afukuzwe, kwa sababu zifuatazo:

1. Fomu yenu ya kupima ukali wa nimonia kwa wazee ina alama tano, zikiwemo za uzee, pumzi za kasi na akili kuchanganyikiwa, na mwenye nyingi ndiye anayelazwa. Nimesimamia mitihani miaka thelathini na minane, sijapata kuona mtihani ambao mwenye sifuri ndiye anayepongezwa. Mimi nilipata moja, ya uzee. Yaani jitihada yangu yote ilikuwa kuzaliwa mapema.

2. Pumzi zangu alizihesabu muuguzi kwa robo dakika, huku akimwambia mfagizi, "Dada, kitambaa kile kinachuja rangi." Kisha akazidisha kwa nne. Sijui alizidisha pumzi zangu au mita za kitambaa.

3. Ili kujua kama akili yangu imetulia, daktari aliniuliza, "Babu, leo tarehe ngapi? Hapa ni wapi?" Mimi, niliyewatoa nje watahiniwa wasio na idadi kwa kuchungulia, naulizwa maswali ya chekechea. Nilijibu yote bila kusita. Akasema, "Safi sana, babu," akaniandikia vidonge. Siku ya tatu nikarudi kwa machela, midomo imegeuka bluu.

4. Daktari asiyeweza kumtofautisha mzee mzima na mzee anayekufa hafai hata kupima joto la chai. Avuliwe koti, akalishwe dawati la mbele, aijaze fomu hiyo yeye mwenyewe, na mimi nisimamie.

Nisalimie wauguzi wote, mfagizi na kitambaa chake, na jirani yangu wa kitanda cha nane, anayekoroma kwa niaba ya wodi nzima.

Wako, maadamu pumzi ipo,
Msimamizi mstaafu wa mitihani,
Kitanda cha saba

Baada ya sahihi: Usimfukuze. Muuguzi alipokuwa akihesabu, nilibana pumzi. Na majibu nilikuwa nayo kiganjani, chini ya shuka. Nilimsikia daktari akimuuliza mgonjwa aliyenitangulia, nikaogopa kufeli, nikamwomba mama mmoja aliyeketi kando yangu aniandikie kwa kalamu. Nilimshukuru, nikamuuliza yeye ni binti wa nani. Akacheka, "Wako, baba. Acha utani."

Sikuwa na utani.