Sauti ya Kwanza Si ya Mtu

Jumanne, 31 Machi 2015

Habari imetoka! Bi Mashavu anakwenda Jeddah Jumamosi, kwa dada yake. Wanakwenda kwa gari, mwanawe Hamdun ataendesha. Atachukua mfanyakazi mmoja. Sisi tuko wawili, mimi na Shiro. Hesabu hiyo sijaipenda hata kidogo.

Lazima niende mimi. Mdogo wangu Jael anafanya kazi Jeddah na mkataba wake umekwisha, wangu bado. Jumanne ijayo anapanda ndege kurudi Kenya, halas, ndiyo basi. Tulikuja Saudia pamoja, tukatenganishwa uwanja wa ndege, yeye huko, mimi huku Riyadh, na tangu siku hiyo hatujaonana. Nikimkosa sasa sijui nitamwona lini. Na Shiro anataka kwenda kufanya nini? Eti kuona bahari! Mtu wa Nyeri!

Nimwambie Bi Mashavu ukweli? Aa wapi. Ukweli ni wa watu wasio na akili. Nina mpango. Nitamtisha Shiro mpaka aikatae safari mwenyewe.

Jioni, tukichambua mchele, nikamsimulia shule yetu. Baba, Mwalimu Titus, alipelekwa kufundisha juu ya Mlima Elgon, kwa Waogiek, mahali ambapo hata barabara ilikata tamaa njiani. Watoto wa Kibukusu tulikuwa mimi na Jael tu. Kila asubuhi ukungu, mkono wako mwenyewe huuoni. Shule haina kengele. Watoto waliitana nyumba kwa nyumba: wa mbali anamwita anayefuata, huyo anamwita mwingine, hivyo hivyo mpaka shuleni. Sheria ilikuwa moja. Ukiitwa, kaa kimya. Ngoja uitwe mara ya pili. Sauti ya kwanza si ya mtu.

Chemtai, tuliyekaa naye dawati moja, aliitika ya kwanza. Akaja darasani hana sauti. Baba akasema ni koo. Lakini baada ya hapo tuliisikia sauti ya Chemtai ikituita kutoka bondeni, na Chemtai yuko hapa hapa mbele yetu, mdomo umefungwa, anatazama dirishani.

Hayo yote ni kweli tupu. Chumvi niliyoongeza ni hii: kwamba jangwani, kwenye njia ya Jeddah, kitu hicho kipo pia.

Shiro alicheka. Akasema kwao ukungu umejaa tele na hakuna aliyewahi kuibiwa sauti. Lakini ameomba nisizime taa ya jikoni. Mpango unaiva!

Jumatano, 1 Aprili

Mchana, nyumba nzima imelala. Nikapanda juu ya paa, nikainamia tundu la hewa linaloshuka jikoni. Nikaita kwa sauti ya kizee: Shirooo! Mara moja tu.

Sufuria ikaanguka. Shiro akaitika! Kisha nikasikia kandambili zake zikikimbia kwenda chumbani kwa Bi Mashavu. Nilicheka mpaka nikajigonga kichwa kwenye tangi la maji.

Nimeshuka nikakuta udi unafuka nyumba nzima. Bi Mashavu amezaliwa Unguja. Mambo ya sauti hayafanyii mzaha. Amemshika Shiro mkono, anamwambia pole mwanangu, hukai tena na hofu zako humu, utafuatana nami Jeddah ukapunge upepo.

Yaani nimemkatia tiketi mwenyewe! Baba angesema mchimba kisima huingia mwenyewe. Bahati nzuri Baba hayuko hapa.

Alhamisi, 2 Aprili

Vumbi. Alasiri mbingu yote ya mtaa wetu huu wa Al-Naseem iligeuka rangi ya matofali, taa za barabarani zikawaka zenyewe. Bi Mashavu akapiga kelele nguo zianuliwe. Shiro anaogopa paa, kwa hiyo nani aliyepanda? Mimi. Mpango wangu ule ule ukaniletea na kazi ya ziada.

Juu sikuona hata ukuta. Nilifuata kamba kwa mikono. Upepo ulikuwa umetulia, vumbi limesimama tu hewani kama ukungu wa kule shuleni, lakini lenye joto. Hapo ndipo nikaitwa.

Nasimiyu.

Mara moja. Karibu, upande wa tangi. Ilikuwa sauti yangu mimi.

Katika nyumba hii mimi ni Metrine. Hakuna anayejua kwamba naitwa Nasimiyu. Hata Shiro hajui. Nikazikumbatia shuka, nikakaa kimya, nikangoja ya pili.

Haikuja. Nimeshuka ngazi kwa makalio. Shiro aliniuliza mbona nimekuwa rangi ya jivu, nikamjibu ni vumbi. Nimeogopa. Naandika hivyo hivyo: nimeogopa.

Ijumaa, 3 Aprili

Ujumbe kutoka kwa Jael. Ananiuliza kama jana nilifika Jeddah nikamficha! Anasema alikuwa uwani anafua akanisikia nikimwita Nekesa, jina la nyumbani, wazi kabisa. Akaitika kwa furaha, akatoka mbio mpaka getini. Sikuwepo. Akamaliza kwa kusema nisimpigie simu, sauti imemkauka tangu jana, anadhani ni mafua.

Nimeusoma nimesimama. Kisha nikakaa chini, juu ya gunia la vitunguu.

Amesahau sheria. Miaka yote ile mlimani, na akaitika!

Shiro akanikuta nalia. Sikuwa na mpango wowote tayari, basi ukweli ukanitoka: Jael, Jeddah, ndege ya Jumanne. Shiro akanitazama. Akasema si ungeniambia tu tangu mwanzo, wewe mwanamke, bahari haikimbii. Akaenda mwenyewe kwa Bi Mashavu, akarudi na jibu: nitakwenda mimi.

Rahisi hivyo! Inatia shaka kidogo. Lazima Shiro ana lake jambo. Lakini begi nimeshafunga, na mkoba wa zawadi za Jael, na gauni langu la maua.

Jumamosi, 4 Aprili

Sikwenda.

Alfajiri begi langu lilikuwa kwenye buti. Nje vumbi bado, gari linaunguruma lakini halionekani. Nilirudi stoo kuchukua kandambili. Nikasikia: Metrine!

Mara moja. Ilikuwa sauti ya Bi Mashavu. Lakini Alhamisi nilisikia sauti yangu mwenyewe, kwa hiyo sauti ya mtu ni kitu gani? Nikashika rafu ya unga. Nikangoja ya pili.

Bi Mashavu haiti mtu mara mbili. Tangu ujana wake, husema mwenyewe, aliyemwita alikuja. Shiro amenieleza baadaye kwa simu: alikuwa ametoka tu kumpelekea birika la kahawa, na Bi Mashavu akamwambia yalla, ingia wewe, mwenzio hataki. Nilipotoka nilikuta vumbi na harufu ya petroli.

Nimekimbia mpaka mwisho wa mtaa. Nimepiga kelele. Majirani wametazama madirishani.

Shiro ameondoka na aproni yake tu. Maana yake Jeddah atavaa gauni langu la maua. Na kifua chake kile!

Jumanne, 7 Aprili

Bi Mashavu, Mungu ambariki, amempeleka Shiro uwanja wa ndege wa Jeddah ampe Jael mkoba wangu. Shiro akanipigia kutoka huko. Akasema dada yako huyu hapa, sema naye upesi, wanamwita.

Nikabana simu sikioni. Kimya. Makelele ya watu kwa mbali. Halafu:

Nasimiyu.

Sauti ya Jael. Laini, safi, ile ya utotoni, ya asubuhi za shuleni. Mara moja.

Moyo wangu wote ulitaka kuitika. Niliuma kidole. Nikangoja, nikangoja, machozi yanaingia mdomoni.

Aliyerudi kwenye simu ni Shiro, mkali. Akaniuliza mimi ni jiwe au mtu. Akasema Jael amesimama na simu sikioni anangoja neno moja tu kutoka kwangu, analia, mpaka wakamwondoa kwenda kupanda ndege.

Nikamuuliza kwa nini basi asirudie jina langu mara ya pili.

Shiro akasema alirudie vipi? Jael hana sauti tangu Alhamisi. Hata mnong'ono, mafi, hakuna. Hajafungua mdomo wake kabisa.

Nimelia jikoni mpaka wali ukaungua. Nimemtazamia miaka, na sikumpa hata neno moja. Ameondoka akijua nimemkataa. Nilitaka kuandika mengine hapa, sikuweza.

Nikanawa uso. Nikafikiri. Jael sasa atakuwa nyumbani Kenya, kwa hiyo mimi nahitaji likizo kabla ya wakati wake. Nimwendee Bi Mashavu nimwambie tu kwamba nataka kumwona mdogo wangu? Aa wapi. Bi Mashavu huwahurumia waoga. Shiro aliogopa siku moja akapewa Jeddah. Mimi nikiogopa wiki nzima si nitapewa Kenya?

Wanarudi Jumamosi. Kuanzia siku hiyo nitajifanya nasikia sauti.